Siku Dhapu Alipomkodi Shemeji Yake

Wazazi wa Dhapu walikuwa tayari na mabinti wanne alipozaliwa yeye, wakampa jina ambalo kwao ni kama mtu kusukuma sahani mbele na kusema basi, nimeshiba. Mungu hakusikia, au alisikia akapuuza, akawaletea wengine wawili, wote wasichana. Dhapu mwenyewe hakulichukia jina. Alikuwa akisema, "Mimi ndiye niliyewashibisha. Hao waliofuata ni kiporo."

Aliolewa Jodhpur, kwenye nyumba ya akina Sankhla, chini kabisa ya ngome, kwenye vile vichochoro vya kuta za buluu ambako ng'ombe akilala njiani, pikipiki ndizo zinazotafuta njia nyingine. Nyumba ilikuwa ya ndugu wawili. Mdogo, Ghevar, ndiye mumewe Dhapu, mshona magodoro, mtu mpole kupita kiasi. Ukimuuliza kama chai yake ina sukari, anakujibu, "Kaka amesemaje?" Kaka ndiye Khimraj, dereva wa teksi, masharubu yamepanda juu kama vishikio vya baiskeli. Neno la mwisho la nyumba ile lilikuwa lake, kuanzia harusi ya nani na nani hadi rangi ya pazia la chooni.

Sasa, kwa watu wale, mke wa mdogo hamwonyeshi uso kaka wa mumewe. Akisikia kikohozi chake mlangoni, anavuta mtandio mpaka kidevuni. Wala haongei naye. Akiwa na neno anauambia ukuta kwa mnong'ono, au mtoto, au ndoo, na shemeji akiwa na jibu, naye anaiambia ndoo. Dhapu aliishi hivyo miaka thelathini. Khimraj alimjua kwa vitu viwili tu: miguu yake na mikate yake ya uwele. Uso wake hakuwahi kuuona hata siku moja, na hakuwahi kujiuliza ukoje.

Kilichowasha moto ni nywele. Mtoto wa kiume wa akina Sankhla, akifika mwaka wa tatu, anapelekwa Osian kwenye hekalu la Mama Sachiya. Huko nywele zake za kuzaliwa zinanyolewa mbele ya mungu mama, na mkubwa wa nyumba ndiye anayempakata na kutaja jina lake kwa sauti. Kuanzia siku ile mtoto anahesabika kuwa wa nyumba ile. Na wasichana? Wasichana walinyolewa uani na yeyote aliyekuwa na wembe, Jumapili asubuhi, kabla ya kufua. Binti zake wawili Dhapu walinyolewa uani, akanyamaza. Mwanawe alinyolewa Osian, na Dhapu alikwenda, lakini ndani ya mtandio ule alichokiona cha Osian ni ngazi na visigino vya watu.

Sasa alikuwa na mjukuu, Kuhu, binti wa huyo mwanawe ambaye siku hizi yuko Surat kwenye viwanda vya nguo. Kuhu alikuwa na nywele zilizosimama kama ufagio mpya na sauti ya kusimamisha gari moshi. Dhapu akaamua moyoni: huyu hanyolewi uani.

Akauambia ukuta jioni moja, Khimraj akiwa anakula.

"Ukuta, siku tisa za mungu mama zinaanza. Kuhu apelekwe Osian."

Khimraj hakuinua kichwa. Aliiambia bilauri ya mtindi. "Bilauri, mwambie anayeuliza kwamba msichana ataolewa aende kwa watu. Huwezi kumtangaza leo kuwa wako, kesho ukamfungashia mizigo."

"Ukuta, nyumba ngapi siku hizi zinawapeleka wasichana wao na mbingu haijaanguka?"

"Bilauri, nyumba hizo siyo hii. Na mkate mwingine uje."

Ghevar akatazama dari. Mkate mwingine ukaja, umeungua upande mmoja.

Dhapu angeweza kupanda basi na kwenda Osian na mjukuu wake, hakuna ambaye angemfunga kamba. Lakini kunyoa bila mkubwa wa nyumba kumtaja mtoto ni sawa na kunyoa uani, tofauti ni nauli. Alimtaka Khimraj pale, miguu yake juu ya mawe yale, mdomo wake ukitaja jina lile. Ombi alikuwa ameshaliomba, na kurudia hakupendi. Akatafuta njia nyingine.

Njia ilikuwa dirishani. Asubuhi Dhapu alikuwa akisukuma chapati kwenye jiko la nyumba ya wageni iliyo nyuma ya kwao, na dirisha la jiko lile linatazamana na kijiwe cha madereva. Kijiweni kuna zamu. Aliye mbele hachagui abiria. Awe mnene, awe mlevi, awe na mbuzi, unampeleka. Ukimkataa unarudi mkiani, na wenzako wanakuimbia mpaka ukome. Sheria hiyo aliitunga mwenyekiti wa kijiwe mwenyewe, na mwenyekiti ni Khimraj.

Basi Dhapu akamwendea Hemlata, yule binti wa mapokezi.

"Hemlata, ile safari yenu ya siku moja, ngome, swala na hekalu, mpaka mtu awe Mzungu?"

"Mpaka awe na hela, shangazi."

"Ninazo, za papadi ninazokausha na kuuza. Wewe piga simu kijiweni nikikukonyeza."

Hemlata alichungulia dirishani, akaona gari la nani linasogea mbele, akaelewa. Alicheka mpaka akakaa chini. "Shangazi! Atakujua!"

"Kwa kitu gani? Kwake sauti yangu ni mnong'ono tu. Miguu yangu anaijua. Nipe raba zako."

Akampa raba, akampa na suruali na kanzu yake ya kijani. Akataka kumpa na miwani ya jua. Dhapu akaisukuma kando. "Nimejificha miaka thelathini, mwanangu. Leo sijifichi hata kwa miwani."

Pemi, mkwe wake, mama yake Kuhu, alikuwa ameshatangulia Osian na mtoto kwa basi la asubuhi. Nyumbani alikuwa ameaga kwamba anakwenda kumwona mama yake mdogo, na Ghevar akasema sawa, halafu akauliza kama kaka anajua.

Khimraj alikuja mpaka mlangoni kwa wageni, akafungua mlango wa nyuma wa gari, akainamisha kichwa. Mbele yake alisimama mwanamke wa makamo, uso wazi, pua kubwa, macho yasiyopepesa. Moyo wa Dhapu ulikuwa ukipiga kama mtu anayetwanga pilipili, lakini mguu ulipanda.

"Karibu, mama. Peke yako?"

"Peke yangu."

"Unatoka wapi?"

"Nagaur," akasema Dhapu, na kweli ndiko alikozaliwa.

"Na baba?"

"Yuko nyumbani, anamsubiri kaka yake amwambie la kufanya."

Khimraj akapiga usukani kwa kicheko. "Wapo wanaume wa namna hiyo! Mdogo wangu ni huyo huyo, ungedhani wamenunuliwa duka moja." Akarekebisha kioo, akamtazama abiria wake vizuri. Dhapu naye akamtazama, jicho kwa jicho kiooni. "Tumewahi kuonana, mama?"

"Wewe ndiye unayejua uliowaona."

"Hapana, sura ngeni. Mimi sura siisahau."

Wakapanda ngomeni. Madereva hawaingii, wanabaki kivulini, kwa hiyo Dhapu aliingia mwenyewe na kundi la watalii waliokuwa wakikodolea macho mizinga. Langoni kuna viganja vya wake wa wafalme, vimechongwa ukutani na kupakwa rangi nyekundu. Waliviacha siku walipotoka kwenda kuchomwa pamoja na maiti za waume zao. Dhapu akavitazama, vingine vidogo kama vya mtoto. Akamgeukia mlinzi.

"Na viganja vya wanaume waliofuata maiti za wake zao viko lango gani?"

"Mama, sogea kidogo," mlinzi akasema. "Unaziba picha ya watu."

Juu ya ukuta aliuona mji wote wa buluu umelala, na katikati yake akaiona nyumba ya akina Sankhla. Ua mzima, kamba ya nguo, mitungi, jiko, vyote viliingia chini ya kidole chake gumba. Akakinyanyua kidole, akakirudisha. Miaka yote ile! Alishuka akiwa na njaa kali.

Chini akamkuta Khimraj anakula bajia za pilipili kwenye karatasi. Dereva mwenye adabu akinunua chake anamnunulia na abiria, akampa mbili. Dhapu hakuwahi kutafuna mbele ya mtu huyu, hata punje. Alisimama katikati ya jua, akaing'ata ile bajia, pilipili ikamtoa machozi, akaendelea kutafuna.

"Mama, unakula kama mtu wa hapa hapa," Khimraj akasema kwa heshima.

Barabara ya kwenda kaskazini ni ndefu na kavu, na dereva aliyechoka na ukimya atakueleza maisha yake hata usipouliza. Khimraj alieleza habari za tumbo lake, linavyojaa gesi usiku. Alieleza mke wake anavyokoroma. Kisha akafika alipokuwa akisubiriwa.

"Nyumbani kuna fitina, mama. Mke wa mdogo wangu. Anataka tumpeleke msichana Osian, anyolewe kama mvulana."

"Heee. Mwanamke gani huyo?"

"Mjeuri. Hasemi neno, lakini ujeuri unausikia kwenye sufuria. Nikimuudhi sufuria zinalia mpaka jirani anauliza kama tumehamisha jiko."

"Sura yake ikoje?"

"Nitaijuaje? Ni mke wa mdogo wangu." Khimraj alishangaa swali lenyewe. "Nadhani ni mwembamba, ana sura ya mtu wa kununa. Siyo kama wewe, mama, wewe una uso wa mtu mwelewa."

Dhapu akageukia dirishani, akauma ncha ya mtandio uliokuwa shingoni. Mabega yakamtikisika kwa muda.

Kando ya barabara kuna kijiji cha Wabishnoi, na pale Khimraj alisimamisha gari, kwa kuwa swala wako ndani ya malipo. Swala walikuwepo kweli, dume mmoja mweusi, pembe zimesokotwa kama uzi, na majike yake, wanatembea baina ya nyumba kama wapangaji. Jike moja liliingia uani kwa watu, likanywa maji ya ndoo, na mwanamke aliyekuwa akikamua mbuzi hakugeuka hata kutazama. Wabishnoi hawaui mnyama na hawakati mti mbichi. Kila dereva wa Jodhpur ana hadithi yao moja, na Khimraj aliitoa ya kwake, mkono juu ya kifua.

"Zamani mfalme alituma watu wakate miti kwa Wabishnoi, mama. Mwanamke mmoja wa Kibishnoi akatoka, akaukumbatia mti, akasema kateni shingo yangu kwanza. Wakaikata! Watu wa kijiji wakaja, mmoja mmoja, wakakumbatia miti yao. Mpaka mfalme mwenyewe akaja kuomba radhi. Mwanamke shujaa yule! Kila nikiisema nywele zinanisimama."

"Angekuwa wa nyumbani kwako, ungemwambia nini?"

Khimraj akafikiri. Mtu mkweli alikuwa, ukimbana. "Ningemwambia chai imechelewa."

Wakacheka wote wawili. Walipokuwa wakirudi garini, Dhapu akaona hapa pana mlango wazi, akaingia.

"Kweli baba, huyo mtoto wenu. Mungu mama anakataa wasichana?"

"Ahaa, wapi. Mungu mama hana tatizo. Ni mwanamke mwenyewe, atakataaje wasichana?"

"Sasa?"

Khimraj akawasha gari, akasubiri lori lipite. "Kijiwe, mama. Mimi ni mwenyekiti. Kuna mtu pale anaitwa Bhikam, huyo akipata neno analitafuna mwaka mzima. Nikimpakata msichana Osian, atasema Khimraj wavulana wamemwishia, sasa ananyoa hata mitungi." Akatikisa kichwa. "Mungu mama anasamehe. Bhikam hasamehi."

Dhapu akawaza njia nzima mpaka Osian. Kumbe ni hilo tu. Binti zake wawili wamenyolewa uani, mjukuu naye yuko njiani kunyolewa uani, si kwa ajili ya mbingu wala mababu. Ni kwa ajili ya Bhikam, mtu ambaye hata kofia yake haimkai. Hasira iliyompanda haikuwa ya sufuria.

Osian siku zile tisa imefurika. Ngazi ndefu za kupandia hekaluni zina matao juu yake, pembeni maduka ya nazi na vitambaa vyekundu, na chini, kwenye kivuli cha ukuta, vinyozi wamekaa mstari, kila mmoja na bakuli lake la maji na foleni yake ya watoto wanaolia.

"Baba, nibebee sinia," Dhapu akasema, akitoka kununua sadaka dukani. "Lina nazi, zito."

Abiria akiomba, unabeba. Khimraj akalibeba, wakafika mahali pa kuvulia viatu. Dhapu akakaa kwenye jiwe, akafungua kamba za raba za Hemlata, akavua moja, akavua ya pili.

Sinia likainama. Nazi ikabiringika.

Khimraj alikuwa akiitazama ile miguu. Pete za fedha za vidole vya pili, zile alizozinunua mama yake mwenyewe. Kovu jeupe juu ya unyayo wa kushoto, la siku kikaango kilipoanguka. Miguu aliyoiona ikivuka ua wake maelfu ya mara. Macho yakapanda polepole, suruali, kanzu ya kijani, mtandio uliolala shingoni, na mwisho ule uso wa mtu mwelewa.

Kabla hajapata la kusema, sauti ya kusimamisha gari moshi ikatoka kwenye ngazi: "Babuuu!" Kuhu akaja mbio, ufagio wake juu, akamkumbatia mguu. Nyuma yake Pemi, aliyekuwa amewashikia zamu kwa kinyozi, mtandio mpaka kidevuni.

Hapo Khimraj alifanya jambo ambalo Osian bado wanalisimulia. Alishika ncha ya kilemba chake, akaivuta mbele, akajifunika uso. Kisha akageuka, akawapa mgongo, kama bibi harusi.

"Kuhu," akasema kutoka ndani ya kitambaa, "mwambie bibi yako apande gari, turudi nyumbani."

"Babu, pipi," akasema Kuhu.

"Kuhu, mwambie bibi yako jambo hili ni aibu kubwa."

"Pipi nyekundu."

"Niambie mwenyewe," akasema Dhapu. Hakupunguza sauti, na watu wa foleni wakageuka. "Asubuhi nzima ulikuwa unaongea na mimi, mdomo haukukauka. Mpaka gesi ya tumbo lako naijua. Sasa ndoo ya kazi gani?"

"Jamani," kinyozi akalalamika, wembe mkononi, "mnanyoa au mnagombana? Nina vichwa vinangoja hapa. Mkubwa wa mtoto ni nani?"

"Ni huyo aliyejifunika."

"Mimi ni dereva!" Khimraj akasema upesi, na ilionekana kama amepata kamba ya kushika. "Huyu ni abiria wangu. Dereva hana neno juu ya mambo ya abiria. Akitaka kunyoa, anyoe."

Mwingine angelichukua lile na kushukuru. Wembe ungepita, mambo yangeisha, kila mtu angebaki na sura yake. Dhapu akatikisa kichwa.

"Sitaki. Dereva nimemkodi anilete, kanileta, kazi yake imeisha. Hapa namtaka babu yake Kuhu. Asipokuja, mimi sitoki kwenye foleni hii, na wa nyuma yangu hawanyoi." Akakaa chini mbele ya kinyozi, akamweka Kuhu miguuni, akakunja mikono.

Foleni ikaguna. Mama mmoja mnene mwenye mapacha akapaza sauti, "We baba mwenye kilemba, njoo umalize! Jua linatuunguza kwa ajili ya masharubu yako?" Mwingine akadakia, "Mbona kajifunika, kaiba?"

Na kama vile siku ile haikuwa imemtosha Khimraj, kicheko alichokuwa akikijua kikasikika kwenye ngazi. Bhikam. Alikuwa ameleta watalii wawili, amewaacha wapige picha za matao, yeye amekaa na karanga zake, kofia pembeni, anaangalia yote.

"Mwenyekiti! Kulikoni? Umeolewa?"

Mabega ya Khimraj yakashuka. Pemi, chini ya mtandio wake, akamvuta Dhapu mkono kama kusema twende mama, basi. Dhapu akautoa mkono taratibu.

"Bhikam, sogea," akasema. "Sogea usikie vizuri, usije ukakosea kusimulia."

Bhikam akasogea. Karanga zikasimama mdomoni.

"Shemeji," Dhapu akamwambia ule mgongo, na miaka thelathini hakuwahi kumwita hivyo ana kwa ana, "kucheka watacheka. Hilo limeshapita, huyu keshaona. Kilichobaki ni wewe kuchagua wacheke nini. Watacheka kwamba mwenyekiti alimfungulia mlango mke wa mdogo wake, akamwendesha toka asubuhi, akamnunulia bajia, akamsengenya mbele ya macho yake, na asimjue. Mtu ambaye sura haisahau! Au watacheka kwamba mwenyekiti kampakata mjukuu wake wa kike Osian. Hicho cha pili kitaisha wiki ijayo. Cha kwanza watakuzika nacho."

"Kamnunulia bajia?" Bhikam akauliza kwa sauti ndogo, ya mtu aliyeokota dhahabu.

"Mbili. Za pilipili."

Kuhu alikuwa ameipata ile nazi iliyobiringika, anaigonga chini.

Khimraj akageuka. Akakiacha kitambaa kikaanguka. Alimtazama Dhapu, si kama abiria wa kiooni, akamtazama pua, macho, mikunjo, kama mtu anayesoma barua ya zamani aliyoipokea na kuiweka mfukoni bila kuifungua. Watu wakangoja matusi.

"Ule mkate," akasema. "Ulikuwa unauunguza makusudi?"

"Kila siku uliponiudhi."

"Ni kila siku, basi."

"Karibu kila siku."

Akavua viatu. Akakaa juu ya jiwe la moto bila kulalamika, akanyoosha mikono, na Kuhu akapanda mapajani mwake na nazi yake.

"Taja jina," akasema kinyozi.

"Kuhu," akanong'ona Khimraj.

"Sijasikia mimi," akasema mama wa mapacha.

"Hata aliye juu hajasikia," akasema Dhapu.

Khimraj akavimba kifua, masharubu yakasimama. "Kuhu Sankhla!" akapiga kelele mpaka njiwa wakaruka kutoka kwenye matao. "Binti wa nyumba yangu! Nyumba ya Khimraj Sankhla wa Jodhpur, na mwenye neno aje alisemee hapa!" Akamtolea macho Bhikam. Bhikam akatazama karanga zake.

Wembe ulipogusa, Kuhu alilia kilio cha kusikika hadi jangwani. "Taratibu wewe!" Khimraj akamfokea kinyozi. "Unamenya kitunguu?" Nywele zikaanguka, Pemi akazipokea kwenye kitambaa, na kilichobaki ni kichwa cha mviringo, kinang'aa, chenye hasira na watu wote.

Kurudi, Khimraj alifungua mlango wa nyuma. Dhapu akaupita, akafungua wa mbele, akakaa. Pemi akaketi nyuma na mtoto aliyesinzia, na walipotoka mjini akaupandisha mtandio wake mpaka puani, akaishia hapo. Hakuna aliyemwambia kitu.

Njiani Khimraj alikohoa mara kadhaa, kile kikohozi cha mlangoni, kwa mazoea, na kila mara mkono wa Dhapu ulikwenda shingoni wenyewe kuutafuta mtandio, naye akaurudisha pajani. Mara moja tu Khimraj aliuliza, macho barabarani, "Ghevar anajua?"

"Utamwambia wewe. Mimi akinisikia atakuuliza wewe."

Jioni wakaingia mjini. Bhikam alikuwa amewatangulia, mtu akiwa na habari kama ile hajali mashimo ya barabara, na madereva wote walikuwa wamejipanga kijiweni, wengine wamepanda juu ya boneti. Kule mwisho, kwenye mlango wa nyumba ya akina Sankhla, Ghevar alikuwa amesimama na sindano yake ya magodoro mkononi.

Khimraj akapunguza mwendo. Jasho lilimtoka kwenye masharubu.

"Mke wa Ghevar," akasema chini chini, "tunafika kijiweni. Jifunike mtandio kidogo. Hapa tu. Tukipita utaufunua."

Dhapu akateremsha kioo cha dirisha mpaka mwisho, akaweka kiwiko nje.

"Piga honi," akasema. "Wasije wakasema hawakutuona."